Watu Bilioni Tano na Msichana Mmoja

Asanteni. Shikamooni wakubwa. Na nyie vijana mliojibanza mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne niliponunua toleo moja la X-Men, vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel kuhusu kundi la mashujaa wenye nguvu za ajabu, kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limechanika nusu. Namba 135, la mwaka 1980. Yaliyotangulia sikuyajua, na yaliyofuata niliyapata baada ya miaka mingi. Ndani yake kuna mwanamke wa mavazi mekundu, ana njaa. Anazama kwenye jua la watu wengine, analinyonya mpaka linalipuka. Karibu na jua hilo kuna sayari, D'Bari, yenye watu bilioni tano. Wanaona mwanga mkali angani, na hiyo ndiyo habari yao ya mwisho. Yule mwanamke anaondoka ameshiba.

Mwanamke huyo ni Jean Grey, mmoja wa mashujaa wa X-Men, na jina lake la vitani ni Phoenix. Wasomaji walikuwa wamempenda kwa muda mrefu. Ubishi nitakaouzungumzia leo ulianzia hapo: je, mtu unayempenda akiua bilioni tano, unamfanya nini?

Mwandishi Chris Claremont na mchoraji John Byrne walikuwa na jibu lao. Dola ya Shi'ar, ya watu wa anga za mbali, itamkamata, itamvua nguvu zake zote, kisha atarudi nyumbani kuishi kama binti yeyote. Kurasa zilishachorwa. Mhariri mkuu wa Marvel wakati huo, Jim Shooter, akagoma. Kwake, aliyefuta sayari nzima hawezi kurudi kwao kunywa chai. Mwisho ukaandikwa upya, na katika namba 137 Jean anajiua kwa silaha ya kale juu ya Mwezi, mbele ya macho ya mpenzi wake Scott. Ule mwisho wa kwanza Marvel waliutoa mwaka 1984, kwa hiyo leo unaweza kuviweka vitabu viwili mezani na kubishana mpaka alfajiri. Nimeshuhudia watu wakifanya hivyo. (Kwa ndugu zetu wa Kenya: Storm, mwenzake Jean katika X-Men, ambaye vitabu vinasema mama yake ni Mkenya, yumo kwenye pambano lile la Mwezini, na anapigana upande wa Jean. Msinilaumu mimi.)

Mimi niko na Shooter. Najua hilo linaniletea maadui humu ndani. Lakini sikilizeni upande wa pili kwanza, maana una hoja nzito, na hoja hiyo inaitwa Galactus.

Galactus aliletwa na mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby mwaka 1966, katika namba 48 hadi 50 za Fantastic Four, vitabu vingine vya Marvel, vya mashujaa wanne. Ni jitu linalokula sayari. Halina chuki na mtu, lina njaa tu, kama nzige. Sasa Byrne huyuhuyu, alipokuja kuandika Fantastic Four, akamfanya Galactus aanguke New York akiwa mahututi. Reed Richards, kiongozi wa mashujaa hao wanne, akamwokoa. Akapona, akaenda akaila sayari kuu ya Waskrull, taifa jingine la angani, pamoja na watu wake. Reed akashitakiwa. Kesi iko kwenye namba 262, ya Januari 1984, na Byrne amejichora mwenyewe humo, kaletwa mahakamani ili aandike yanayotokea. Odin, mfalme wa miungu, anatoa ushahidi. Mwisho anatokea Eternity, ambaye ndiye ulimwengu wenyewe uliopewa umbo, na wote waliohudhuria wanaelewa papo hapo kwamba Galactus lazima awepo. Kesi imefutwa.

Hapo ndipo mashabiki walipowaka, na haki yao. Jean aliangamiza sayari moja akafa. Galactus amekula zisizohesabika, na ulimwengu mzima unasimama kumtetea. Wengine wanasema tofauti ni kwamba Galactus ni kama mafuriko, na mafuriko hayafungwi pingu, ilhali Jean alikuwa mtu mwenye akili zake. Sawa. Ila mimi naona kasoro nyingine kwenye kesi ile: Eternity aliwaeleza wao, hakutueleza sisi. Msomaji anaonyeshwa nyuso za watu walioelewa, na sababu yenyewe hapewi. Ukiniambia “ungekuwepo ungekubali”, hujanishawishi, umenifukuza mahakamani.

Na Jean? Mwaka 1986 akarudi. Kumbe yule aliyekula jua hakuwa Jean, ilikuwa nguvu ya Phoenix iliyochukua sura yake. Jean halisi alikuwa amelala muda wote ndani ya kifukofuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York. Mnajua wazo hilo lilitoka kwa nani? Kwa shabiki. Kurt Busiek, ambaye ujanani barua zake zilikuwa zikichapishwa kwenye kurasa za wasomaji, alilibuni katika kubishana tu na wenzake: Jean angewezaje kurudi bila hatia? Baadaye akamsimulia mwandishi Roger Stern, Stern akamsimulia Byrne, na ubishi wa vijana ukawa historia rasmi.

Stan Lee ndiye aliyewazoesha wasomaji hivyo. Ukimwandikia kuhusu kosa kwenye hadithi, na ukamwonyesha kwa nini si kosa, alikutumia bahasha ya zawadi. Unaifungua, ndani hamna kitu. Watu waliipigania bahasha hiyo tupu kwa miaka.

Kifukofuko kile, hata hivyo, kilikuwa na gharama. Scott alishaoa mwanamke aliyefanana na Jean, Madelyne Pryor, wakazaa mtoto. Jean aliporudi, Scott akamwacha mke na mtoto, na wasomaji hawajamsamehe hadi leo. Ili kumsafisha, waandishi wakasema Madelyne ni nakala ya Jean iliyotengenezwa na mwovu. Mnaona? Kila aliyetaka kufuta deni alikopa kwingine. Na wale bilioni tano wakabaki vilevile, sasa hata wa kumshitaki hawana.

Namalizia na mmoja wao. Toleo la namba 4 la Avengers, kundi jingine la mashujaa wa Marvel, la mwaka 1964, watu wanalikumbuka kwa sababu shujaa wa zamani, Captain America, alirudi humo. Ndani yake yumo pia mgeni kutoka angani, chombo chake kimekwama chini ya bahari, naye anataka kurudi kwao tu. Mashujaa wanakikwamua, anaondoka kwa furaha. Ni Mdbari. Miaka kumi na sita baadaye, msomaji aliyelihifadhi toleo lile alifungua namba 135, akaiona sayari ile, akaenda kabatini kutafuta: yule bwana alishafika nyumbani, au alikuwa bado njiani?

Haya, nani anaanza? Mama pale, mwenye mtandio wa kijani.