Daktari wa Meno na Sindano za Uso: Aruhusiwe?

ZUHURA: Assalamu alaikum, hamjambo nyote, karibuni tena, ni mimi Zuhura hapa Malindi na mwenzangu kaka Khalfan. Leo hatuzunguki. Kuna dada ametutumia voisi noti kutoka upande wa Watamu, anasema alienda kusafishwa meno kliniki moja, kutazama ukutani kumebandikwa tangazo la botoksi na fila, zile sindano za urembo wa uso, na anayedunga ni yuleyule daktari wa meno. Anauliza, mtu wa meno na paji langu la uso, wapi na wapi?

KHALFAN: Waalaikum salaam. Mimi nimekaa kliniki za meno miaka mingi, kushika taa, kunyonya mate, kupanga vyombo, kwa hivyo nitasema langu mapema watu wajue nimesimama wapi. Aruhusiwe. Ila si hivi hivi tu.

ZUHURA: Na mimi mtu wa saluni, napamba maharusi, nyuso ndo kazi yangu, na bado sijakubali. Haya nishawishi.

KHALFAN: Hebu angalia daktari wa meno anasomea nini. Ni miaka mitano ya chuo kikuu, na kichwa na shingo anavisoma mpaka anavijua kwa moyo, misuli, mifupa, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, gani inapita wapi. Halafu kila siku anadunga. Ile sindano ya ganzi ya taya la chini unaiona vile inavoenda, inaingia nyuma kabisa ya mdomo, pale pana neva na pana ateri zimekaa jirani, yeye akifika anavuta bomba nyuma kidogo atazame kama damu inaingia, ikiingia anatoa anaanza tena. Sasa mtu anayefanya hivo asubuhi mpaka jioni, huwezi kuniambia hajui sindano. Na hujafika kwa wale waliobobea kwa upasuaji wa mdomo na taya, kijana akianguka na bodaboda taya likavunjika ndo wao wanaomuunganisha, na wao walianzia udaktari wa meno.

ZUHURA: Sawa, lakini ganzi ni saa mbili tatu imeisha. Hii kitu inakaa miezi, mtu akikosea unatembea na kosa lake usoni.

KHALFAN: Kweli, na hapo lazima tutenganishe, maana watu wanazichanganya. Botoksi ni sumu ya bakteria, ilopunguzwa mpaka kiasi kidogo mno, inazuia neva isiuambie msuli ujikunje. Unakunja ndita, ndita hazikunjiki. Inaanza kuonekana baada ya siku kadhaa, wiki mbili imekamilika, na miezi mitatu minne imeisha. Ikienda sipo, kope linaweza kulala, unangoja wiki mpaka linyanyuke.

ZUHURA: Mwanamwali wa harusi kope limelala!

KHALFAN: Ndo hivo. Fila ni kitu kingine, ni jeli, nyingi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, unajaza mdomo, mashavu, kidevu. Na hiyo ndo mimi naiogopa zaidi, nitaifikia.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Mimi nauliza kwa nini isiwe kazi ya daktari wa ngozi peke yake. Ngozi ina wenyewe.

KHALFAN: Sasa hapo historia inakukataa dada yangu. Botoksi haikuanzia kwa ngozi. Ilianza na daktari wa macho, Alan Scott, kule San Francisco, alikuwa anatafuta njia ya kunyoosha macho ya makengeza bila kupasua, na Marekani ikaikubali mwaka 1989 kwa makengeza na kwa watu wanaopepesa kope bila kutaka. Halafu Kanada, mke na mume, Jean Carruthers daktari wa macho na Alastair Carruthers daktari wa ngozi, mama alikuwa anawadunga wagonjwa wa kope, akaona ndita baina ya nyusi zinapotea. Wakaandika mwaka 1992. Marekani ikaja kuipitisha kwa urembo 2002. Kwa hivyo wa macho ndo walofungua mlango, wa ngozi akaingia, sasa wa meno anabisha hodi mnamwambia nyumba ina wenyewe?

ZUHURA: (anacheka) Haya, hilo umenipata. Lakini hodi ya nini, shida ya meno na ndita ni nini?

KHALFAN: Si ndita tu. Kuna mtu anasaga meno usingizini mpaka jino linapasuka, ule msuli wa kutafunia umekuwa mkubwa umejaa pembeni ya taya, daktari wa meno anaudunga botoksi ulegee. Kuna mwingine akicheka ufizi wote unatoka nje, wanamdunga mdomo wa juu usipande sana. Yani sindano tayari iko mkononi mwake, iko sentimita chache kutoka pale unapomkataza.

ZUHURA: Mi nakubali mdomo na taya. Baina ya nyusi bado inanikaa vibaya. Haya tuambie hiyo fila unayoiogopa.

KHALFAN: Fila ikiingia ndani ya mshipa wa damu, au ikiukandamiza kutoka nje, damu haipiti. Sehemu hiyo ya ngozi inapauka pale pale, inakuwa nyeupe, baadae inatoka madoadoa ya zambarau yamesukana. Ukibonyeza na kidole ukaachia, rangi inachelewa kurudi. Usipofanya kitu ngozi inakufa, inaoza, inaacha kovu. Na mishipa ya pua na ya baina ya nyusi imeungana na mishipa ya jicho, fila ikirudi nyuma kwa huo mkondo mtu anapofuka, na jicho likishakosa damu kurudi ni nadra sana. Haitokei kila siku, lakini imetokea, na imetokea hata kwa madaktari wazoefu.

ZUHURA: Subhanallah. Na dawa yake?

KHALFAN: Kuna kimeng'enya kinaitwa hayaluronidasi, kinaiyeyusha ile jeli. Kinatakiwa kiwe pale pale chumbani, si kuagizwa, maana dakika zinahesabika. Sasa hapo ndo swali langu mimi lilipo. Sitaki kujua kwanza mtu ana digrii gani ukutani, nataka kujua ngozi ikigeuka nyeupe saa hiyo hiyo, aliyeshika sindano ataitambua? Dawa anayo? Anajua kuidunga? Mgonjwa akizirai au koo likimvimba kwa mzio ana adrenalini, ile dawa ya dharura? Kliniki ya meno hiyo adrenalini inatakiwa iwe nayo, na oksijeni pia, kwa sababu ganzi pia humzulia mtu mzio au kuzirai.

ZUHURA: Unajua kaka Khalfan umenigusa mahali. Kuna mtu amenipigia, anasema yeye anakuja wikendi moja kwa mwezi, anatafuta saluni yenye chumba cha nyuma akodi, adunge wateja, mi nipate asilimia. Na wateja wapo, usidanganyike, harusi za mfungo mosi zikikaribia wasichana wananiuliza, na wazee wa Kitaliano wa huku Casuarina ndo usiseme. Nikamuuliza wewe ni daktari? Akanambia ana cheti. Cheti cha nini? Cha kozi.

KHALFAN: Kozi ya siku ngapi?

ZUHURA: Hakunijibu. Nikamuuliza botoksi unaiweka wapi ukisafiri, akasema kwa mkoba.

KHALFAN: Mkoba! Hiyo inakaa kwa friji, nyuzi mbili mpaka nane, na jua hili la Malindi. Halafu inakuja unga, mtu anachanganya na maji ya chumvi mwenyewe, akikosea hesabu ya yuniti, vile vipimo vya dawa, umekwisha, na yuniti za kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine. Sasa ona, watu wanabishana daktari wa meno aruhusiwe au asiruhusiwe, na huku mwenye mkoba hakuulizwa na mtu.

ZUHURA: Kwa wenzetu sheria imekaaje?

KHALFAN: Uingereza daktari wa meno anaruhusiwa, botoksi ni dawa ya kuandikiwa na yeye anaweza kuiandika. Lakini fila kule si dawa ya kuandikiwa, ndo ikawa kila mtu anadunga. Walichofanya, tarehe 1 Oktoba 2021, England wakapiga marufuku kumdunga botoksi au fila za urembo aliye chini ya miaka 18. Marekani kila jimbo lina bodi yake ya meno na kanuni zake, mengine yamelegeza mengine yamebana. Hapa kwetu madaktari na madaktari wa meno wote wako chini ya baraza moja, KMPDC, leseni ni ya kila mwaka, na jina la mtu unaliangalia mtandaoni ukiwa umekaa kitako nyumbani. Akikuharibu una pa kwenda kushtaki. Mwenye mkoba utamshtaki wapi, namba ameshazima.

ZUHURA: Kwa hivyo yule dada wa Watamu tumwambie nini?

KHALFAN: Amuulize yule daktari, hiyo kazi umejifunza wapi na kwa muda gani, maana kujua uso kwa kung'oa meno si kujua kiasi cha botoksi cha baina ya nyusi, lazima asomee juu yake. Amuulize hayaluronidasi ipo aone kichupa kwa macho yake, na tarehe haijapita. Akikasirika kwa kuulizwa, mamangu, shuka ngazi nenda zako. Na kama ni wa harusi asifanye wiki ya harusi, hata mkono ukiwa mzuri kunaweza kuvilia damu.

ZUHURA: Mimi niseme langu la mwisho na hapa hutanishinda. Madaktari wa meno ni wachache huku. Mtu anatoka Marafa na shavu limevimba usiku hajalala, anafika anaambiwa ngoja, daktari yuko na mteja wa midomo. Sindano moja ya urembo inalipa kuliko meno mangapi? Wakionja hiyo pesa nani atabaki na koleo?

KHALFAN: Hilo sina jibu lake kamili. Ningesema wa kliniki binafsi afanye saa zake akishamaliza foleni ya maumivu, na daktari wa hospitali ya serikali saa za serikali asiguse kabisa. Lakini nani atamsimamia, hapo ndo penye kazi.

ZUHURA: Basi hilo tuwaachie wasikilizaji, tutumieni voisi noti, hasa nyinyi mlioko kwenye foleni za meno mtuambie mnangoja vipi. Na yule bwana wa mkoba kama anasikiliza, chumba cha nyuma nimeweka madreya ya nywele, hakikodishwi.