Kozi ya Kujiandaa kwa Usajili wa Uingereza Imfundishe Muuguzi Nini?

Mhadhara kwa wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, Mombasa

Wauguzi wenzangu, hamjambo. Sitaanza na namna ya kufungua akaunti ya NMC, baraza linalosajili wauguzi Uingereza, wala ada ya mtihani wa kompyuta. Hayo mnayajua, na makundi yenu ya WhatsApp yanayajua kunishinda. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikipewa nafasi: kozi nyingi za kujiandaa zinafundisha kisichohitajika, na pesa zinatoka mifukoni mwenu.

Muuguzi akifeli OSCE, ule mtihani wa vitendo unaofanywa kituo baada ya kituo, jambo la kwanza analofanya ni kurudi vitabuni. Anasoma upya moyo, figo, mapafu. Nani aliwaambia kwamba hamjui moyo? Mtu aliyemaliza diploma yake KMTC, chuo chetu cha serikali cha mafunzo ya afya, akafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi la Kenya, akakaa wodini miaka kadhaa, hapungukiwi elimu ya uuguzi. Anachopungukiwa ni kuionyesha. Nitawapa kisa. Walionisikia kabla wanakijua, na wanivumilie, kwa sababu bado sijaona kozi zikibadilika.

Tulikuwa kwenye mazoezi, kituo cha kutoa dawa. Pana meza, chati ya dawa, mgonjwa wa kuigiza amekaa kitini, na robo saa inahesabiwa. Dada aliyeingia ni mkongwe wa wodi ya upasuaji. Akaichukua chati, akaipitia haraka, na kwenye sehemu ya mzio pameandikwa penisilini. Chini, kwenye orodha ya dawa, daktari ameagiza amoksilini. Huo ndio mtego, na dada aliuona papo hapo. Amoksilini hakuigusa kabisa. Akatoa dawa nyingine, akazitilia saini, akamwambia mgonjwa apumzike, akatoka. Mgonjwa yuko salama. Mimi nikaandika: amefeli.

Alikasirika. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani nimempa dawa ya kumdhuru?" Hakumpa. Lakini kisanduku cha amoksilini cha asubuhi ile kilibaki kitupu. Hapakuwa na alama kwamba dawa imezuiwa, wala sababu, wala saini. Mgonjwa hakuulizwa, "Ukitumia penisilini hupatwa na nini?" Hakuambiwa kwamba dawa yake moja imezuiwa. Daktari hakutajwa. Yote hayo dada aliyajua, na yote yalibaki kichwani mwake. Sasa tazameni zamu inayofuata. Anaingia muuguzi mwingine, anakuta nafasi tupu, anasema wa asubuhi alisahau, anampa mgonjwa dawa. Amoksilini ni penisilini. Mgonjwa anaanza kuwashwa, midomo inavimba, pumzi inakata. Aliyemnusuru asubuhi yuko nyumbani amelala.

Kwa hiyo msije mkaniambia tena kwamba OSCE ni maigizo ya Wazungu. Nimelisikia hilo mara nyingi mno na limenichosha. Kumuuliza mgonjwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha ukalinganisha na mkanda ulio mkononi mwake, si maigizo. Wodini mwetu wangapi wanaitwa Fatuma Ali? Kuandika sababu ya kutotoa dawa si maigizo. Hata asiyekusudia kuvuka mpaka wa Lunga Lunga angefanya hivyo, wagonjwa wake wangenufaika.

Lakini simlaumu yule dada, na hapa ndipo kozi zinapokosea. Tabia ile haikutoka kwenye uzembe. Ilitoka kwenye usiku ambao muuguzi mmoja ana wodi nzima, vitanda vingine vina wagonjwa wawili wawili, na daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Ukisema uyatamke yote unayoyafanya pale, kutakucha hujafika kitanda cha kumi. Ukajifunza kuona haraka, kuamua haraka, kutenda kimya. Huo ni ustadi, na umeokoa watu wengi. Mtahini wa OSCE kule Northampton au Oxford hawezi kuusoma. Anatia alama kile alichokisikia, alichokiona na kilichoandikwa kwenye karatasi.

Kozi yenye maana ingeanza kwa kumtazama muuguzi akifanya kazi kwa namna yake ya kila siku, kisha imwambie: hapa ulifanya sawa lakini hatukuona, hapa uliona lakini hukuandika. Badala yake mnauziwa nini? Makaratasi ya kukariri. Sentensi zilizopangwa, unazimeza kama kaswida, ukifika chumbani unazitoa zote bila kumtazama mgonjwa.

Nimeyashuhudia hayo pia. Kituo cha kumpima mgonjwa. Anahema mara 26 kwa dakika, na karatasi ipo mbele ya mtahiniwa. Kwenye NEWS2, ile chati wanayotumia Uingereza kugundua mgonjwa anayezidiwa, kuhema mara 25 au zaidi ni alama 3 peke yake, na alama 3 kwenye kipimo kimoja tu zinatosha kukufanya uite msaada haraka. Mtahiniwa wetu alifika kwenye mstari wake wa kumi na ngapi sijui wa alichokariri, akawa anamuuliza mtu asiyeweza kumaliza sentensi kuhusu chakula anachokipenda na kazi anayoifanya. Hakuwa mjinga. Kazini angemwinua mgonjwa, akafungua oksijeni, akapiga kelele ya kuita watu. Kozi ilimnyang'anya akili yake ya wodini ikampa karatasi.

Wengine wenu mtauliza, kwani kozi ni lazima? Si lazima. Zamani ilikuwa lazima: palikuwa na programu maalumu ya wauguzi kutoka nje, yenye siku 20 za mafunzo, na wengine wakaongezewa miezi ya kufanya kazi chini ya msimamizi. Ilifungwa 2014, zikaja hizi hatua mbili, mtihani wa kompyuta na OSCE. Mimi naona kitu kilipotea pale. Yule msimamizi wa wodini alikuwa anakutazama zamu baada ya zamu. Sasa mwajiri wako anakuandaa kwa wiki chache, kwa kuwa kwa masharti ya viza unatakiwa ukae OSCE ndani ya wiki 12 tangu kazi ianze, na usajili uwe umekamilika ndani ya miezi minane. Wiki 12, na hapo bado unajifunza baridi, mabasi na lafudhi. Ndiyo maana nasema kutamka na kuandika kuanze hapa hapa, kwenye zamu yako ya kesho, hata kama ni kwa mgonjwa mmoja tu kati ya wote ulio nao.

Naambiwa muda unakwenda, basi niharakishe.

OSCE ina vituo kumi. Vinne vinafuata safari ya mgonjwa mmoja: kupima, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Vinne ni vya stadi za mikono. Viwili ni vya kimya, unaandika tu, na watu wanavidharau kwa sababu hakuna mgonjwa. Msividharau. Mna nafasi tatu kwa kila ombi. Ukifeli vituo saba au pungufu, unarudia vile ulivyofeli tu.

Uandishi: ukikosea, piga mstari mmoja, tia saini, endelea. Usifute, usipake rangi nyeupe. Kila ukurasa una tarehe, saa na jina.

Kiingereza. Mwaka 2022 waziri wetu wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliokaa mtihani wa lugha ili waende Uingereza, waliofaulu ni 10. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kucheka. Hawa ni watu waliosoma uuguzi wote kwa Kiingereza. Tatizo ni lile lile: wanakijua, hawajazoezwa kukionyesha kwa namna inayopimwa, hasa kwenye kuandika. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza wa watu wote, wanataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Wengi wenu mngejaribu OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, maana barua unayoandika mle ni ya kumhamisha mgonjwa, na barua hiyo mmeiandika maisha yenu yote.

Mawakala. Makubaliano ya Kenya na Uingereza yalitiwa saini Julai 2021, na Novemba mwaka huo Uingereza ikaiweka Kenya kwenye orodha ya manjano: kuajiri wauguzi wetu kupitie mpango wa serikali na serikali. Wakala anayekufuata nje ya mpango huo anavunja kanuni zao. Kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja, hukukatazwa. Na anayekutoza pesa ili akutafutie kazi Uingereza, sheria ya kule haimruhusu. Mwondokee.

Ujerumani nilitaka kuizungumzia kwa kirefu, haiwezekani tena. Niseme hili tu: kule, baada ya kulinganisha vyeti vyako na mafunzo yao ya miaka mitatu, wanakuandikia mapengo yako, kisha unachagua mwenyewe, mtihani wa maarifa au kozi ya kuziba mapengo wodini. Kozi ni ndefu zaidi, lakini kuna mtu anayekutazama ukifanya kazi. Mimi ningechagua kozi. Kijerumani kinachotakiwa kwa usajili ni kiwango cha B2, na kila jimbo lina ofisi yake, kwa hiyo msichukue jibu la mtu wa Bavaria mkalipeleka Berlin.

Mikono naiona. Tuanze na yule dada wa nyuma aliyeniuliza mlangoni kuhusu Ireland.