Chumba cha chini: kukausha kabla ya kupamba

DADA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Leo hatuko studio, tumekaa ndani ya chumba chenyewe. Nyumba yetu hapa Tanga iko kwenye mteremko unaoshuka ghubani, kwa hiyo chumba hiki nusu kimezama ardhini. Ukuta wa nyuma umeegemea udongo karibu mpaka juu, na mbele mlango unatokea uani. Mita 3 kwa 4, basi. Marehemu baba alikuwa anawekea nazi na nyavu. Sasa kina cherehani yangu, kitanda cha mgeni na meza hii.

FUNDI: Na hakinuki.

DADA: Hakinuki, alhamdulillahi. Fundi, mwanzoni nilikosea, nataka watu wajue. Nilileta fundi mwingine akapiga lipu ya saruji kuta zote, ndani tu, tena akatia dawa ya kuzuia maji. Juu yake rangi ya mafuta mikono miwili. Kikapendeza. Masika ilipoingia, ukuta wa nyuma ukaanza kuvimba. Nikabonyeza uvimbe mmoja kwa kidole gumba, ukapasuka, yakatoka maji na unga mweupe. Nikaulamba. Chumvi tupu.

FUNDI: Hilo naliona kila mwaka kwenye nyumba za zamani. Ukuta huu ni mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa. Jiwe hili lina vitundu, linanyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Zamani haikuwa taabu, kwa sababu na chokaa ina vitundu: maji yanaingia, yanafika usoni mwa ukuta, upepo unayachukua. Ukiweka saruji na rangi ya mafuta umeziba njia ya kutokea. Maji hayarudi yalikotoka, yanakaa nyuma ya lipu. Yakikauka kidogo yanaacha chumvi, chumvi inaganda na kukua, inasukuma lipu mpaka inabanduka.

DADA: Na saruji ndiyo iliyo karibu. Kiwanda kiko hapo Pongwe, kila duka la vifaa lina mifuko.

FUNDI: Saruji ni nzuri mahali pake. Kwa tofali za saruji na nondo sina neno. Kwa ukuta wa matumbawe ulioegemea udongo, hapana. Na maji usishindane nayo kwa kuyazuia usoni. Mapango yetu ya Amboni ni jiwe la chokaa, na maji ndiyo yaliyoyatoboa. Maji yapewe njia.

DADA: Ulipokuja hukugusa ukuta kabisa. Ulitoka nje ukaangalia paa. Nikashangaa.

FUNDI: Kwa sababu paa la upande ule ni kama mita za mraba 50 na halikuwa na gata. Piga hesabu: mvua ya milimita 20, ambayo masika ni kitu cha kawaida, inakupa lita 1000. Ndoo 50 za lita 20 zimemwagwa nyuma ya ukuta kwa mvua moja! Hakuna lipu itakayohimili hilo. Kwanza gata, kisha mfereji.

DADA: Mfereji uelezee taratibu, maana hapo ndipo watu wanapobomoa nyumba.

FUNDI: Unachimba nje, ukifuata ukuta, mpaka usawa wa sakafu ya ndani. Ila usichimbe urefu wote kwa siku moja. Chimba kama mita moja, weka bomba lenye matundu, funika kwa kokoto, ndipo uende kipande kinachofuata. Na usishuke chini ya kitako cha msingi hata kidogo. Bomba literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita, litokee upande wa bondeni.

DADA: Nilitaka pia kushusha sakafu sentimita 40, maana dari ilikuwa chini.

FUNDI: Tukachimba shimo la kupimia kwanza, tukakuta msingi unaishia juu ya hapo. Ungeshusha, ukuta ungebaki unaning'inia. Tukapata sentimita 10 tu.

DADA: Na zimetosha. Sasa lipu ya chokaa.

FUNDI: Tulibandua saruji yote, tukapiga mswaki chumvi, tukauacha ukuta wazi miezi mitatu mpaka kaskazi ikaanza kuvuma. Dada ulichoka kusubiri.

DADA: Nilichoka kweli.

FUNDI: Chokaa iliyozimwa sehemu 1, mchanga wa mto sehemu 3. Mchanga wa pwani usiuguse, unarudisha chumvi ileile. Tulipaka tabaka la sentimita 1, tukawa tunanyunyizia maji kidogo lisikauke haraka, na baada ya wiki moja tukapaka la pili. Chokaa haikauki kama matope. Inavuta kaboni dayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe, na inataka muda. Vaa glavu na miwani, inaunguza macho.

DADA: Sakafu tulitandika mawe, mchanga, nailoni nzito, kisha jamvi la zege la sentimita 10. Umeme tukapandisha soketi juu na kuweka swichi inayokata mkondo ukivuja. Jipsam hatukuweka kabisa, ikilowa inavimba. Ila kuna dada mmoja aliniuliza kama anaweza kukausha chumba kwa jiko la mkaa.

FUNDI: Hapana, hapana! Hewa ya mkaa haina harufu na inaua, na chumba cha chini hakipitishi hewa vizuri. Hata jenereta isiingie humo. Na kama mtu atalala, awe na njia mbili za kutokea, mlango na dirisha analoweza kupita.

DADA: Lile jaribio la nailoni je?

FUNDI: Kipande cha nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote, ukiache siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya chumba inayotoa jasho kwenye ukuta wa baridi, na hapo kufungua madirisha siku ya unyevunyevu wa masika kunazidisha.

DADA: Jana nimelirudia. Kuta tatu kavu. Ila kona ile nyuma ya kabati, nailoni ilikuwa na matone kwa nyuma.

FUNDI: Sogeza kabati lisiguse ukuta. Na kona hiyo usiipake kitu masika hii. Nilipoingia nimeona bati la jirani linamwaga palepale.

DADA: Mzee wa jirani ni muelewa. Tumfuate baada ya Alasiri, nitampelekea na samli aliyoniagiza.

FUNDI: Nikichukua na kipimo cha gata, tutapima papo hapo.