Bessie Smith mbele ya pembe, Februari 1923

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu tunapotaka kumjua Bessie Smith, mwimbaji wa blues wa Marekani, huanzia Januari 1925, alipoimba "St. Louis Blues" huku Louis Armstrong akimjibu kwa koneti, tarumbeta fupi. Ni rekodi kubwa, siibishii. Lakini leo nawaomba turudi nyuma miaka miwili, New York, studio za kampuni ya Columbia.

Maikrofoni ilikuwa bado haijaingia studio. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti, na nguvu ya sauti yake tu ndiyo iliyoitikisa sindano ikachora mfereji kwenye nta. Ngoma na besi pembe ilizinasa kwa shida, na sauti nyembamba ilififia. Sasa mtazameni aliyeingia: yatima wa Chattanooga, Tennessee, aliyeanza kwa kuimba barabarani akitafuta senti huku kaka yake Andrew akipiga gitaa. Tangu 1912 alikuwa akizunguka na vikundi vya maonyesho, kwenye mahema na kumbi zisizo na kipaza sauti, akiimba hadi aliyekaa nyuma kabisa amsikie. Kazi ile ndiyo iliyomwandaa kwa pembe.

Wimbo aliorekodi, "Downhearted Blues", ulitungwa na Lovie Austin na Alberta Hunter, na Hunter mwenyewe alikwisha kuurekodi. Bessie akauimba kwa piano ya Clarence Williams peke yake. Hana haraka hata kidogo! Analivuta neno, analishusha taratibu chini ya noti, anavuta pumzi pale ambapo mwingine angeendelea, na bado kila silabi unaipata. Hahitaji noti nyingi. Huchagua moja, akaizunguka mpaka ikabeba uchungu wote wa ubeti. Kwangu mimi, uhaba wa vyombo hapa ni neema: hakuna kinachotuziba tusimsikie.

Santuri hiyo inatajwa kuuza nakala 780,000 ndani ya miezi sita, wakati Columbia yenyewe ilikuwa taabani kifedha. Bessie alilipwa kwa kila upande wa santuri uliokubaliwa, basi. Mrabaha, yaani fungu la mauzo, hakupewa, wala kwa santuri hiyo wala kwa zilizofuata, na alirekodi nyimbo 160 hivi kwa kampuni hiyo hadi 1931. Hilo linaniuma kila ninapoisikiliza.

Naweka sasa upande wa pili wa santuri hiyo, "Gulf Coast Blues". Fuatilieni pumzi zake.