Hakuna Aliyeniuliza 6, 4, 2

Haya jamani, wale wa mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, siumi mtu. Leo sina slaidi, nina chaki tu. Naandika ubaoni: 2, 4, 6. Hizi namba tatu zinafuata sheria ninayoijua mimi. Nyie nitajieni tatu tatu za kwenu, nitawajibu ndiyo au hapana, na mwenye uhakika aitaje sheria yenyewe.

Dada wa dirishani? 8, 10, 12. Ndiyo. Mwingine? 20, 22, 24. Ndiyo. 100, 102, 104. Ndiyo pia. Enhe, kaka umenyoosha mkono kwa nguvu, sema. "Namba shufwa zinazopanda kwa mbili mbili." Hapana. Msigune! 1, 3, 5? Ndiyo. "Basi ni kupanda kwa mbili, hata kama si shufwa." Hapana tena.

Niwaambie? Sheria ni namba zozote zinazopanda, basi. Hata 1, 7, 900 inapita. Lakini angalieni mlichofanya, kila mmoja wenu alishakuwa na jibu kichwani halafu akawa ananiletea namba za kulipa nguvu lile jibu lake, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na nyie mnazidi kujiamini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza 6, 4, 2. Hakuna aliyetafuta hapana.

Msijisikie vibaya lakini. Mchezo huu aliuanzisha mwanasaikolojia Peter Wason kule London, matokeo yake yalitoka 1960, na kati ya watu 29 aliowapima ni 6 tu waliopata bila kutaja kwanza jibu la uongo. Kwa hiyo mko kwenye kundi kubwa tu.

Sasa mie hili jambo silisemi kwa kusoma tu, lilinikuta. Wakati nachagua kozi nilijiona makini sana, niliuliza watu watatu, wote watatu walikuwa wanaisoma ile kozi na wanaipenda, nikaenda nao hivyo hivyo kama mnavyopanga 8, 10, 12. Mwaka wa pili nikakutana kwenye korido na jamaa aliyekuwa ameiacha, tukaongea dakika tano labda, akaniambia mambo ambayo ningeyasikia mapema nisingejaza ile fomu. Na alikuwa jengo lilelile miaka yote! Sikumtafuta kwa sababu, tuseme ukweli, nilijua atasema nini.

Na kusoma kwenu kuko hivyohivyo. Unarudia notsi mara nne, kila ukurasa unauona unaufahamu, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, walilipima hili 2006. Kundi moja likasoma habari fulani vipindi vinne, jingine likasoma kipindi kimoja halafu likafunga na kujipima vipindi vitatu kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma wakawa juu, na hao hao ndio waliojiamini zaidi, ila baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka kama asilimia 61 na waliorudia 40. Kufunga daftari kunauma kwa sababu daftari lililofungwa ndilo linalokwambia hapana, tena mapema, kabla ya mtihani haujakwambia.

Kwenye maamuzi makubwa kuna njia ya Benjamin Franklin, yule mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, aliiandika kwenye barua kwa rafiki yake Joseph Priestley mwaka 1772. Priestley alikuwa na kazi mpya mkononi hajui aipokee au aiache, akaomba ushauri. Franklin akamwambia sikwambii uamue nini, nakwambia uamue vipi: chora mstari katikati ya karatasi, huku sababu za kukubali, kule za kukataa, ziache zijae kwa siku tatu nne, kisha zile zenye uzito sawa uzikate pamoja, uone upande gani umebaki na kitu. Watu mstari wanaukumbuka na wanauchora, ila zile siku tatu nne ndizo wanazoziruka, na mimi naona dawa yote iko pale, maana siku ya kwanza upande unaoupenda unajaa wenyewe, ule mwingine unahitaji ulale uamke ndipo uanze kuongea.

Maswali? Ndiyo, wewe wa shati la bluu.

"Mwalimu, mimi nataka kubadili kozi, wenzangu wote wananiambia nibadili. Unashaurije?"

Wenzako hao wako kozi gani?

"Hiyo ninayotaka kuhamia."

Mmecheka nyie, sijasema kitu. Kuna yeyote unayemjua aliyetoka huko akarudi kozi yako?

"Yupo mmoja."

Umeongea naye?

"Bado."

Haya, swali linalofuata, dada pale nyuma.