Kuandaa semina ya kauli ya kutendea kwa msaada wa akili unde: hatua kwa hatua

Karibuni, wahadhiri wenzangu na wakufunzi mnaotazama. Katika video hii nitaandaa mbele yenu semina moja ya mofolojia ya Kiswahili, yaani muundo wa maneno yake, mada ikiwa kauli ya kutendea, lile umbo la kitenzi linaloonyesha kitendo kinafanywa kwa ajili ya nani, wapi au kwa kifaa gani, kama pika inapokuwa pikia, nikitumia programu ya akili unde zalishi, yaani ile inayotunga maandishi kwa kufuata agizo la mtumiaji. Watazamaji wa Kenya huenda mmezoea kuiita akili mnemba au akili bandia. Ni kitu kilekile. Nimechagua mada finyu kwa makusudi, kwa sababu maelezo ya jumla kuhusu uwajibikaji ni mepesi kuyakubali na mazito kuyatekeleza, na ugumu wake huonekana pale mhadhiri anapokaa saa nne usiku na semina ya kesho asubuhi ikimsubiri.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kufungua programu yoyote. Soma mwongozo wa chuo chako kuhusu akili unde, na kama haujatolewa, muulize mkuu wa idara kinachokubalika ili usije ukatunga sheria yako peke yako. UNESCO ilitoa mwongozo wake kuhusu akili unde zalishi katika elimu na utafiti mwezi Septemba 2023, nao unafaa kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo ya idara. Baada ya hapo chukua kalamu na karatasi, andika lengo la semina kwa maneno yako. Langu, kama mnavyoliona kwenye skrini, linasema hivi: mwanafunzi aweze kutambua kiambishi cha kutendea, aeleze kwa nini mara huwa -i- na mara huwa -e-, na atofautishe maana zake zisizopungua nne. Ninaliandika mapema kwa sababu programu hizi huandika kwa ufasaha unaoshawishi, na mtu asiyejua anachokitafuta hukubali chochote kilichopangwa vizuri.

Hatua ya pili ni kuandika agizo. Simamisha video hapa ukitaka kulinakili. «Andaa jedwali la vitenzi 20 vya Kiswahili sanifu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, mwaka wa pili. Safu ya kwanza iwe na kitenzi katika umbo la msingi, safu ya pili kitenzi hichohicho katika kauli ya kutendea, safu ya tatu sentensi moja fupi. Jumuisha mizizi yenye irabu zote tano, vitenzi vya silabi moja na vitenzi vyenye asili ya kigeni. Usitaje kitabu wala makala yoyote.» Angalieni kilichokosekana katika agizo hili: hakuna jina la mwanafunzi, hakuna namba ya usajili, hakuna alama, wala kipande cha kazi iliyokusanywa darasani. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ilikuwa imetunga yake mwaka 2019; lakini hata pasipo sheria, insha ambayo mwanafunzi amemkabidhi mhadhiri wake haikukabidhiwa kampuni iliyoko ng'ambo. Sentensi ya mwisho ya agizo, ile ya kukataza vitabu na makala, nitaieleza baadaye kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo itakayotuchukua muda mrefu zaidi. Jedwali limekuja kwa sekunde chache, nalo kwa mtazamo wa kwanza linapendeza. Pika na pikia, funga na fungia, kata na katia, soma na somea, leta na letea: yote sahihi. Sasa shukeni nami polepole hadi mstari wa tisa. Programu imeandika kwamba umbo la msingi ni temba na kauli yake ya kutendea ni tembea. Mstari wa kumi na mbili unadai kwamba kimbia limetokana na kitenzi kimba, neno ambalo katika Kiswahili ni nomino, na maana yake sitaitamka mbele ya kamera. Mstari wa kumi na sita unatoa nywia kama kauli ya kutendea ya nywa, ilhali sote tunasema nywea, kama katika kikombe cha kunywea chai.

Tujiulize makosa haya yanatoka wapi, kwa sababu anayejua chanzo chake atajua pia pa kuyatafuta. Programu ya aina hii haifungui kamusi kabla ya kujibu. Imefunzwa kwa wingi mkubwa wa maandishi, nayo hukisia kipande cha neno kinachoelekea kufuata kilichotangulia. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza, Kiswahili imekionja kwa uchache. Imeona vitenzi vingi vinavyoishia na -ea na -ia vikiwa vimenyambuliwa, yaani vimeundwa kutokana na vitenzi vingine kwa kuongezwa kiambishi, ikahitimisha kwamba tembea na kimbia navyo ni vya kundi hilo. Mzungumzaji hahitaji hata kufikiri: anajua kwamba ukimwendea mtu nyumbani kwake unamtembelea, na ukikimbia kumfuata mtu ili akuokoe unamkimbilia, kwa hiyo kiambishi cha kutendea bado hakijaingia katika tembea wala kimbia. Kosa la nywia nalo lina mantiki yake. Kanuni ya ulinganifu wa irabu inasema kwamba mzizi wenye e au o huchukua -e-, na wenye a, i au u huchukua -i-. Nywa haina irabu ya mzizi ya kufuatwa, nayo programu ikachukua njia iliyozoeleka.

Hivyo basi, pitieni kila mstari mkiwa na kamusi pembeni na masikio yenu wenyewe. Jaribio ninalolitumia ni jepesi: ondoa -i- au -e- ya kutendea, kisha uone kama kinachobaki ni kitenzi kinachotumika na chenye maana inayohusiana na ya mwanzo. Ukiondoa kwenye letea unabaki na leta. Ukiondoa kwenye tembea unabaki na sauti tu. Kagueni pia kisichokuwamo. Jedwali hili halina hata kitenzi kimoja cha aina ya chukua au ondoa, ambavyo kauli zake za kutendea ni chukulia na ondolea, na ile l inayochomoza hapo katikati ndiyo inayozua mjadala mzuri kuliko yote katika mada hii. Nimeviongeza kwa mkono.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipokutana na makosa kama haya niliyafuta kwa hasira. Siku hizi siyafuti. Ninatengeneza nakala mbili za jedwali: moja iliyosahihishwa, ambayo inabaki kwangu, na nyingine yenye makosa matatu yaleyale, ambayo ninawapa wanafunzi nikiwaambia waziwazi kwamba imetungwa na programu na kwamba ndani yake mna mistari isiyosimama. Kazi yao ni kuitafuta na kuthibitisha kosa kwa hoja ya kimofolojia, na si kwa kusema tu kwamba haisikiki vizuri. Darasa linalobishana kuhusu temba kwa dakika ishirini limejifunza unyambulishaji kuliko lile lililonakili desa langu la kurasa sita.

Sasa nirudi kwenye lile katazo la vitabu na makala. Programu hizi zina tabia ya kutunga marejeo: mwandishi anayeaminika, jina la makala linaloleta maana, mwaka, hata namba za kurasa, na makala yenyewe haipo duniani. Huko New York mwaka 2023 mahakama iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Ikiwa umepewa makala inayodaiwa kutoka katika jarida liitwalo Kiswahili au lile liitwalo Mulika, yote mawili yakitolewa na TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fungua ukurasa wa yaliyomo wa toleo hilo au muulize mkutubi. Usipoiona, iondoe, na usijaribu kutafuta inayofanana nayo ili kuziba pengo. Orodha ya kusoma ya kozi yangu huiandika mwenyewe kutokana na nilichokisoma, na hapo programu haina nafasi.

Hatua ya nne ni kuwaambia wanafunzi ukweli, nayo ni fupi. Katika muhtasari wa kozi ninaweka aya moja yenye mambo mawili: mimi nimetumia programu hizi wapi, na wao wanaruhusiwa kuzitumia wapi. Kwa semina hii inasomeka hivi: «Jedwali la mazoezi liliandaliwa kwa akili unde na kusahihishwa na mhadhiri. Mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia kusahihisha tahajia na kujiuliza maswali ya marudio. Haruhusiwi kuitumia kutunga data wala uchanganuzi. Akiitumia, aeleze mwishoni mwa kazi aliitumia kwa jambo gani.» Msiandike kwamba kila mwanafunzi ni lazima aitumie. Toleo la kulipia si la kila mtu, na wapo wanaohesabu bando hadi mwisho wa wiki.

Hatua ya tano ni zoezi lenyewe la alama. Swali nililokuwa nikilitoa kwa miaka kadhaa lilikuwa: «Eleza, kwa mifano, kauli ya kutendea katika Kiswahili.» Libandikeni kwenye programu yoyote, mtapata kurasa tatu kabla chai haijapoa, na kwa haki kabisa kurasa hizo zingefaulu. Nimelibadilisha. Sasa kila mwanafunzi anakusanya sentensi 15 zenye kauli ya kutendea alizozisikia mwenyewe stendi, sokoni, gengeni au bwenini, akiandika tarehe, mahali na mazingira ya usemi, bila majina ya waliozungumza na bila kumrekodi mtu yeyote pasipo ridhaa yake. Kisha anazipanga kwa maana: kutenda kwa ajili ya mtu, kutenda kwa hasara ya mtu, mahali, kifaa, sababu, mwelekeo.

Tazameni utajiri unaopatikana. «Nipunguzie kidogo, mama» ni kwa faida ya msemaji, «mbona unanipandishia bei?» ni kwa hasara yake, tena hapo kauli ya kutendesha, ile inayoifanya panda kuwa pandisha, imetangulia kutendea ndani ya neno moja. Kisu cha kukatia nyama ni kifaa, chumba cha kulalia ni mahali, na «unalilia nini?» ni sababu. Programu inaweza kuzitunga sentensi kama hizi, hilo sitalificha, lakini haikuwepo gengeni, na mwanafunzi aliyezibuni hutambulika mara tu unapomuuliza muuzaji alijibu nini. Kwa ajili hiyo ninatenga dakika tano za mazungumzo ya ana kwa ana kuhusu kazi iliyokusanywa. Darasa likiwa na watu 200 haiwezekani kuongea na kila mmoja, kwa hiyo huwa tunachagua majina kwa bahati nasibu mbele ya wote na kuwaita ishirini. Waliobaki wanajua kwamba wangeweza kuitwa wao.

Hatua ya sita ni usahihishaji. Alama huzitoa mhadhiri, nukta. Ukishuku kwamba kazi fulani haikuandikwa na mwenyewe, usikimbilie programu za kubaini maandishi ya akili unde na kuyachukulia majibu yake kuwa hukumu. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa ya kwake mwezi Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha mwaka huohuo kwamba programu kadhaa za aina hiyo zilizitia hatiani kimakosa zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wanafunzi wetu wengi wanaandika kozi zao nyingine kwa Kiingereza, nacho ni lugha yao ya pili au ya tatu. Kwa hiyo mtego huo umetegwa hasa pale wanapopita wao. Mwite mwanafunzi, mwombe rasimu na daftari lake la data, mpe sentensi mpya mbili azichanganue mbele yako. Akishindwa, fuata utaratibu wa chuo wa udanganyifu wa kitaaluma, ukiwa na ushahidi unaoweza kuusimamia.

Hatua ya saba na ya mwisho: fungua folda ya kozi, uhifadhi humo agizo ulilolitumia, jedwali kama lilivyotoka, jedwali lililosahihishwa, tarehe na jina la programu. Toleo jipya la programu likitoka majibu hubadilika, na mkufunzi atakayefundisha semina hii mwaka ujao atahitaji kujua ni mstari upi ulioandikwa na mashine na ni upi niliouandika mimi. Nimeliita faili langu «kutendea, jedwali ghafi», nami nalifunga sasa.