Sarafu haioshwi kama sufuria

Karibuni, sogeeni mbele kidogo. Habari ya mashine ya kutafutia metali ardhini, namna ya kuitega na kuisikiliza, mmekwisha kufundishwa asubuhi, kwa hiyo sirudii. Mimi neno langu ni lile lile, na wanaolijua watanivumilia: sarafu nyingi zinazookotwa hapa kwetu haziharibiwi na ardhi. Zinaharibiwa katika dakika ya kwanza baada ya kutoka ardhini, na anayeziharibu ni kidole gumba.

Tazameni mtu anavyofanya. Mashine imelia, amechimba, bonge la udongo mwekundu limepasuka, ndani kuna kitu cha duara. Anatema mate, anaweka kidole gumba, anasugua ili aone mwaka. Udongo ule una chembe za kwazi, lile jiwe gumu la mchanga, na kwazi kwenye kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs, kinachoishia 10, ni 7. Fedha na shaba ziko karibu na 3. Hapo kidole chako ni msasa. Ikiwa imelowa huoni kitu. Ikauke, uiinamishe kwenye mwanga wa dirisha: utaona mistari kama nywele imepita usoni pa simba aliyechorwa kwenye shilingi, yote imelala upande mmoja. Haitoki tena.

Na unafuta nini? Chukua senti 10 ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni, ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Iko yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti Desemba ya mwaka huo huo bila kuvikwa taji. Herufi za jina lake ni nyembamba. Kuna nyingine ndogo zaidi za kiwanda, H au KN, zikimaanisha viwanda viwili vya Birmingham. Mnunuzi anayejua kazi yake anatafuta herufi hizo kwa lensi kabla ya kutaja bei, na ndizo za kwanza kufutika. Kwa hiyo shambani ishike kwa ukingo, itie kwenye kimfuko pamoja na udongo wake, kila sarafu na mfuko wake, uandike ulipoitoa. Basi. Mwaka utauona keshokutwa.

Nyumbani unahitaji bakuli za plastiki au kioo, vijiti vya meno vya mbao, kitambaa laini cha pamba na lensi ya kukuza mara 10. Tia maji kiasi cha nusu kikombe, laza sarafu, ondoka. Kesho mwaga, tia mengine. Fanya hivyo siku tatu, siku saba, hadi maji yakae usiku kucha bila kubadilika rangi. Bakuli moja, metali moja. Ukilaza fedha na shaba pamoja kwenye maji yenye chumvi za udongo, shaba inaweza kuhamia juu ya fedha, ukapata doa jekundu ambalo halikuwepo.

Maji gani? Yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopoozwa ukawa maji yasiyo na chumvi. Njia rahisi hapa Uganda ni kituo cha mafuta, ukaombe maji ya betri. Lakini hapa naomba masikio yenu yote. Kuna maji ya kuongezea betri, na kuna asidi ya kujazia betri mpya, na watu huviita vyote maji ya betri. Ile ya pili ni asidi ya salfa: inakula sarafu na inakula mkono. Soma kibandiko. Ukiwa na shaka, mimina matone kwenye kijiko cha plastiki, nyunyizia baikaboneti ya soda ile ya kuumulia keki. Ikitoa povu, ni asidi, irudishe.

Najua mtu amekaa pale nyuma anasema maji ya bomba yana ubaya gani, si tunayanywa? Yametiwa klorini ili tusiugue, na ni jambo jema. Lakini klorini hiyo huacha kloraidi majini, na kloraidi ndiyo adui mkubwa wa shaba. Kwa siku ya kwanza, kulainisha tope tu, kinga maji ya mvua moja kwa moja kutoka angani. Usiyachote chini ya bati, maana bati hutoa vumbi na zinki.

Sasa limau na chumvi. Kila mama wa nyumbani anajua kwamba limau na chumvi hung'arisha shaba, na ni kweli, hung'arisha. Asidi inavua utando wote, ule wa kijani cheusi au kahawia ambao umechukua miaka sitini kujengeka na ambao ndio unaoilinda metali iliyo chini. Inabaki nyekundu kama nyama mbichi, yenye vitundu vitundu. Kisha chumvi, ambayo ni kloraidi, inaingia kwenye vitundu hivyo. Wiki chache baadaye, hasa huku kando ya ziwa ambako hewa ina unyevu, unaona unga wa kijani hafifu, laini, unaopukutika. Ugonjwa wa shaba huo. Kloraidi ikikutana na unyevu na hewa inatengeneza asidi, asidi inakula shaba, kloraidi inaachiliwa, inaanza upya. Kijani kigumu kinachong'aa kidogo ni utando mzuri, kiache. Kijani cha unga ni ugonjwa: itenge sarafu hiyo, iloweke wiki nyingi kwenye maji yaliyotoneshwa ukibadilisha, na ikauke sawasawa.

Na hapa huwa naulizwa swali zuri, kwa hiyo hebu nilijibu kabisa. Wataalamu wa makumbusho hutibu ugonjwa huu kwa sodiamu seskwikaboneti, asilimia 5 kwenye maji. Je, hiyo si magadi tunayotilia maharagwe? Kwa kemia, ndiyo, magadi ya asili ni hiyo hiyo. Lakini magadi ya sokoni hayaji peke yake. Yanatoka kwenye maziwa ya chumvi, nayo yamebeba chumvi. Utakuwa unatoa kloraidi kwa mkono mmoja na kuitia kwa mwingine. Msitumie.

Kauri pia, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika zamani kama pesa, maana mashambani zinaokotwa karibu na sarafu, na ndizo zilizotupa neno ensimbi, pesa kwa Kiganda. Kauri ni chokaa. Limau linaitafuna ukiangalia. Maji matupu tu.

Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima, nayo inadanganya wengi. Za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu, iliyobaki karibu yote ni shaba, ndiyo maana inatoka ardhini kijani. Mtu anadhani ni shaba, anaitupa kwenye siki. Asidi inakula shaba ya juu, uso unabaki kijivu kilichokwaruka. Ile mbinu ya karatasi ya alumini na maji ya moto mliyoiona kwenye simu inafaa kijiko cha fedha halisi. Kwa shilingi hii, hapana.

Muda umenibana, yaliyobaki nayataja tu. Bonge likigoma, lilowe kwanza, kisha ulidonoe kutoka juu kwa kijiti au mwiba wa mgunga, chini ya lensi, bila kuburura. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, iacheni mdomoni. Sarafu za 1987 za shilingi moja na mbili ni chuma kilichopakwa shaba: jaribu kwa sumaku, na kutu ikishapasua ngozi, usipoteze siku zako. Kukausha ni kubonyeza kwa kitambaa, siyo kufuta, halafu usiku mzima kivulini. Usihifadhi kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, hutoa asidi ikaacha ute wa kijani. Bahasha ya karatasi na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu kutoka kwenye boksi la viatu vinatosha. Na mashine haipelekwi kwenye mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi wala mahali pengine palipohifadhiwa. Kwingine, ruhusa ya mwenye shamba kwanza.

Bakuli zile pale nyuma zimelowekwa tangu Jumatatu. Piteni mmoja mmoja, lensi iko mezani, na tafadhali asitie mtu mkono ndani.